"Hana Mama? Hana Somo?" Maonyesho ya Mgeuko katika Romeo and Juliet

Mwaka huu chama chetu kilijitwika mzigo mkubwa kuliko mabega yake. Katika kikao cha kwanza cha muhula, baada ya chai na sambusa, tulikubaliana kwamba jioni yetu ya Kiswahili isiishie kwenye mashairi na risala kama miaka iliyopita. Tuliazimia kuigiza Romeo and Juliet ya Shakespeare kwa Kiswahili, tena kwa tafsiri yetu wenyewe.

Hatukuwa wa kwanza kuthubutu. Mwalimu Julius Nyerere aliitafsiri Julius Caesar ikatoka mwaka 1963, kisha akaisahihisha na kuitoa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huohuo wa 1969 ikatoka tafsiri yake nyingine, Mabepari wa Venisi. Samuel Mushi naye alitupa Makbeth mwaka 1968 na Tufani mwaka uliofuata. Wazee hao walitafsiri tamthilia nzima nzima. Sisi tulikuwa na ukumbi kwa saa mbili tu, na ndani ya saa hizo mlikuwa na risala, ngonjera za darasa la wanaoanza, na pilau. Tamthilia ikabakiwa na dakika 45, ilhali ikiigizwa bila kukatwa hukaribia saa tatu. Kwa hiyo kabla ya kutafsiri ilitubidi tukate.

Tulipiga kura. Kila mwanachama alitaja maonyesho matano ambayo kwa maoni yake hayawezi kuachwa. Yakashinda yale ambayo kila mtu anayafahamu hata kama hajaisoma tamthilia: dhifa ambako vijana wawili wanaonana, mazungumzo ya usiku kwenye roshani, mapigano ya uwanjani, Juliet anapokunywa dawa ya usingizi, na kifo kaburini. Onyesho refu la asubuhi, ambamo Juliet anagombezwa na wazazi wake na kisha kubaki na yaya wake, lilipata kura mbili. Onyesho la barua isiyofika halikupata hata moja.

Wiki tatu kabla ya siku yenyewe tulifanya jaribio mbele ya watu wachache. Miongoni mwao alikuwemo mama wa mwenzetu mmoja, aliyekuja kutoka Mombasa kumtembelea mwanawe. Alisikiliza kwa makini, akacheka palipochekesha, akanyamaza tulipofika kaburini. Tulipomwuliza ameonaje, alitusifu kwanza, kama ilivyo ada ya watu wazima, kisha akasema: "Lakini wanangu, huyu mwari mbona hakumwambia mtu? Hana mama? Hana somo?"

Tulitazamana. Tulikuwa tumeisoma tamthilia miezi miwili, tukaibishania hadi usiku, na swali lile hatukuwa tumelijibu. Kwa wenzetu ambao hawakukulia pwani: somo ni mwanamke mzima anayemfunza mwari mambo ya utu uzima na ndoa, na mwari humwendea kwa siri ambazo hawezi kumpelekea mama yake mzazi. Juliet anaye mtu wa namna hiyo. Sisi ndio tuliomkata.

Makala haya yanaeleza tulivyorudi mezani, na tulichojifunza kuhusu kazi ya maonyesho ya mgeuko katika tanzia ya mapenzi.

Mgeuko ni nini?

Tulianza na wanachosema walimu wetu darasani. Aristotle, katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alitenganisha mambo mawili yanayoipa tanzia nguvu. La kwanza ni mgeuko, yaani pale tendo linapozaa kinyume cha lililokusudiwa. La pili ni utambuzi, yaani mtu anapotoka katika kutojua na kuingia katika kujua. Alisema tanzia hufikia ubora wake mambo hayo yanapotukia pamoja, na mfano wake ulikuwa Oedipus: mjumbe anakuja kumwondolea hofu, na maneno yaleyale ya faraja ndiyo yanayomfunulia yeye ni nani.

Mwaka 1863 Mjerumani Gustav Freytag alitoa kitabu kuhusu ufundi wa tamthilia, akaulinganisha muundo wake na piramidi: mambo yanapanda, yanafika kileleni, yanateremka hadi maangamizi. Wengi wetu tumeichora piramidi hiyo katika mitihani. Ina faida zake, lakini ina hatari moja ambayo sisi tuliingia miguu miwili. Inamfanya msomaji atafute kilele kimoja, na kwa kawaida atakitafuta penye kelele nyingi na damu nyingi.

Baada ya swali la mama yule tulijiwekea kipimo chepesi. Kwa kila onyesho tuliuliza: linapoanza, ni njia gani iliyo wazi mbele ya mhusika, na linapokwisha, njia hiyo bado iko wazi? Kama iko wazi, onyesho linaweza kuwa tamu, linaweza kuwa la lazima kwa sababu nyingine, lakini halijageuza kitu. Kama imefungwa, na mhusika hawezi tena kurudi alikotoka, hapo pana mgeuko.

Kwa kipimo hicho, orodha yetu ya kura ilipanguka vibaya.

Nusu ya kwanza ni kichekesho

Jambo linalosahaulika ni kwamba nusu ya kwanza ya Romeo and Juliet imejengwa kwa mbao za kichekesho. Mhakiki Susan Snyder alilieleza vizuri katika kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu misingi ya kichekesho katika tanzia za Shakespeare. Tuna vijana wanaopendana na nyumba zinazowazuia. Tuna mtumishi mwenye maneno mengi anayepeleka na kuleta habari. Tuna padri mwenye hila njema anayetumaini kwamba ndoa hii itazipatanisha nyumba mbili. Tuna Mercutio, rafiki asiyeacha utani. Hata baba yake Juliet, mwanzoni, ni mtu wa kusikilizana naye: Paris anapomposa binti, Capulet anasema bado ni mdogo, asubiri miaka miwili, na kwanza aupate moyo wake. Katika hadithi za aina hii vijana hufichana kidogo, wazazi hukasirika kidogo, kisha ngoma ya harusi inalia.

Ni kweli kwamba utangulizi umekwisha kututajia kifo. Lakini kujua mwisho na kuuona ukikataliwa na kila onyesho ni mambo mawili tofauti. Mtazamaji anajua watakufa, ila kila anachokiona mbele yake kinamwambia wanaweza kuoana na kuishi. Hapo ndipo anapoanza kuwatakia heri, na asipowatakia heri mapema hatahuzunika baadaye.

Shakespeare alikuwa na chanzo, nalo ni shairi refu la Arthur Brooke lililotoka mwaka 1562. Katika Brooke, Juliet anakaribia miaka 16. Shakespeare amempunguza hadi hajatimiza 14. Katika Brooke, wawili hao wanaifurahia ndoa yao ya siri kwa mwezi mmoja au miwili. Shakespeare amewapa usiku mmoja. Wanaonana Jumapili, wanafunga ndoa Jumatatu, na kabla ya wiki kwisha wote wawili wako kaburini. Muda umebanwa hivyo kwa makusudi: panapokuwa na wakati, mlango uliofungwa leo unaweza kubishwa tena kesho.

Uwanjani: neno lililotusumbua

Mlango wa kwanza unafungwa katika onyesho la kwanza la sehemu ya tatu, mchana wa jua kali. Romeo ametoka kufunga ndoa muda mfupi tu uliopita. Tybalt, binamu yake Juliet, anamtafuta apigane naye. Romeo anakataa, kwa sababu mtu huyu sasa ni jamaa yake, lakini hawezi kusema kwa nini. Anamjibu kwa upole ambao hakuna anayeuelewa. Mercutio anauona upole ule kuwa ni aibu, anachomoa upanga badala yake. Romeo anajitia kati kuwaamua, na Tybalt anamchoma Mercutio kwa kupitisha upanga chini ya mkono wa Romeo mwenyewe. Mercutio anakufa akiwa bado anatania na kuzilaani nyumba zote mbili. Romeo, kwa hasira na majuto, anamwua Tybalt. Mtawala wa Verona anampa adhabu ya kufukuzwa mjini.

Hapa ndipo tafsiri ilipotufundisha zaidi ya vitabu vya uhakiki. Mwenzetu aliyepewa onyesho hili alitafuta neno ambalo Romeo angemwita Tybalt, akaandika lile ambalo Mswahili yeyote angelifikia kwanza: "shemeji." Tulilisoma kwa sauti mara moja tu, tukaona msiba. Kwa neno hilo moja ndoa ya siri imekwisha tangazwa uwanjani. Tybalt angesimama, angeuliza shemeji wa wapi, na pengine tamthilia ingekwisha pale. Kiswahili kina neno sahihi mno kwa uhusiano ule, na usahihi wake ndio uliotuharibia.

Tulijaribu "jamaa yangu", likasikika kama utani wa mtaani. Mwisho tukachagua "ndugu". Neno hili lina tumbo pana: humwita hivyo mtoto wa mama yako, mtu wa kabila lako, mwenzako wa chama, hata mgeni unayetaka kumtuliza. Romeo anapolisema, yeye anamaanisha jambo moja, Tybalt anasikia dhihaka, na Mercutio anasikia woga. Watazamaji peke yao ndio wanaosikia "shemeji" ndani ya "ndugu". Baada ya kulipata neno hilo tuliuelewa mgeuko alioutaja Aristotle kuliko tulivyowahi kuuelewa. Romeo hakukosea kwa ubaya. Mapenzi yake kwa Juliet ndiyo yaliyomfanya mpole, upole ukamchochea Mercutio, na mkono ulionyooshwa kuamua ndio uliofunika upanga.

Tena onyesho hili ni la Shakespeare mwenyewe. Katika shairi la Brooke, Mercutio hafi. Anaonekana kwenye dhifa tu, na Romeo anamwua Tybalt katika ghasia za barabarani kwa kujitetea. Shakespeare aliyachukua mauaji yaliyokuwa ajali akayatia rafiki katikati, ili lawama iwe na mahali pa kukaa. Na Mercutio anapotolewa jukwaani, kicheko kinatoka naye, kwa kuwa mtu aliyekuwa akibeba kichekesho cha tamthilia hii hayupo tena.

Kwa hiyo wenzetu walioshikilia kwamba huu ndio mgeuko mkuu walikuwa na hoja. Tulibishana nao wiki nzima. Hoja ya upande wa pili ilikuwa hii: baada ya mapigano, mambo ya Romeo yamegeuka, lakini Juliet bado ana kila kitu isipokuwa mume wake karibu. Ana baba, ana mama, ana yaya, ana padri. Ukimtoa Juliet hapo na kumrukisha hadi kwenye chupa ya dawa, kama tulivyofanya sisi, mtazamaji atauliza alichouliza mama wa Mombasa.

Asubuhi moja, milango mitatu

Usiku wa Jumatatu kuna onyesho fupi sana ambalo wasomaji wengi hulipita. Capulet, akitaka kuituliza nyumba yenye msiba, anamwahidi Paris kwamba ndoa itakuwa Alhamisi. Yule baba aliyesema miaka miwili sasa anahesabu siku. Wakati anasema hayo, Romeo yuko chumbani juu pamoja na Juliet, na watazamaji wanajua.

Kunapambazuka. Romeo anashuka, anaelekea Mantua. Mama yake Juliet anaingia na habari ya ndoa. Hapo linaanza lile onyesho tulilolitupa, na tulipolisoma tena kwa kipimo chetu tulihesabu milango mitatu inayofungwa mmoja baada ya mwingine katika chumba kimoja.

Wa kwanza ni wa baba. Juliet anakataa, tena kwa heshima, na Capulet anawaka. Anamtishia kumtupa nje afe njiani, anasema hatamtambua tena kuwa ni mwanawe. Wa pili ni wa mama. Juliet anamgeukia, anaomba ndoa iahirishwe mwezi mmoja, hata wiki moja tu. Mama anasema hana neno naye, anaondoka. Kumbuka kwamba mwari huyu hajafikisha miaka 14, na watu wote wawili waliomzaa wametoka chumbani ndani ya dakika chache.

Anabaki yaya. Na yaya si mtu baki. Ndiye aliyemnyonyesha. Alikuwa na binti wake mwenyewe wa umri uleule, akafa. Ndiye aliyempelekea Romeo salamu na kuleta majibu, aliyejua siku ya ndoa, aliyeleta kamba ya kupandia roshani. Kwa lugha ya pwani, huyu ndiye somo wake. Juliet anamwomba jambo moja tu, yaani faraja. Yaya anafikiri, kisha anamshauri aolewe na Paris. Romeo, anasema, ni kama amekufa, hatarudi, na hata hivyo Paris ni bora kuliko yeye.

Juliet hapigi kelele. Anamwuliza kama maneno hayo yanatoka moyoni, yaya anathibitisha, na Juliet anaitikia kama anayeitikia dua. Kisha anamtuma kwa mama yake na habari kwamba amekwenda kwa padri kuungama. Yaya anatoka akidhani amesaidia. Akibaki peke yake, Juliet anaapa kwamba kuanzia siku hiyo moyo wake na yaya huyo wameachana.

Hakuna upanga hapa wala maiti. Lakini jiulize ni nini kilichokuwa wazi alipoamka na kilichobaki wazi anapotoka chumbani. Katika tafsiri yetu Juliet humwita mwanamke huyu "yaya wangu" tangu mwanzo. Baada ya ushauri ule tuliyaondoa maneno hayo mawili. Anamwagiza kwa kitenzi kitupu, kama anavyoagizwa mtumishi. Tulipojaribu kwa sauti, hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba binti huyu amekuwa mtu mzima ndani ya sentensi moja, na kwamba amekuwa peke yake.

Hapo ubishi wetu ukatulia. Mapigano ya uwanjani yanageuza mambo. Asubuhi ile chumbani inamgeuza mtu. Tanzia ya mapenzi inahitaji yote mawili. Ukiwa na la kwanza tu, kifo cha vijana kitaonekana ni bahati mbaya au ujinga wa utotoni. La pili ndilo linalotufanya tuone kwamba msichana huyu alimwambia kila aliyekuwa naye, na kila mmoja, kwa sababu zake, alimrudisha.

Lazima tuseme pia jambo lililotokea mezani kwetu. Baada ya onyesho kurejeshwa, mwenzetu mmoja alitueleza kwamba yeye ndiye aliyewashawishi wengine kulikata, na kwamba dakika 45 hazikuwa sababu yake. Hakutaka kulisoma mbele ya watu wa nyumbani kwao. Hatukumwuliza zaidi, naye hakusema zaidi. Wiki iliyofuata aliomba apewe nafasi ya yaya. Alisema watu humwigiza kama mbaya au kama mjinga, naye anataka aigizwe kama mtu anayempenda yule mtoto na bado akamfungia mlango.

Barua isiyofika

Mlango wa nne ni wa padri, na huu hufungwa mara mbili. Padri Lawrence anampa Juliet dawa ya kumlaza kama maiti kwa saa 42, na anaahidi kumwandikia Romeo. Juliet anarudi nyumbani akijifanya mtiifu. Utii huo wa uongo unamfurahisha baba yake kiasi kwamba anairudisha ndoa nyuma kutoka Alhamisi hadi Jumatano. Basi dawa inanywewa usiku mmoja mapema zaidi, na barua imepungukiwa na siku.

Kisha linakuja onyesho la mistari kama 30, lile ambalo halikupata kura hata moja. Padri John aliyepewa barua anarudi nayo mkononi. Alipitia kumchukua mtawa mwenzake aliyekuwa akiwatazama wagonjwa, wakaguzi wa afya wakashuku kwamba nyumba ile ina tauni, wakaifunga milango na wao wakiwa ndani. Mlango hapa ni mlango wa kweli, wa mbao na makomeo.

Wako wanaosema huu ni udhaifu, kwamba mwandishi ameishiwa na sababu akaomba msaada wa maradhi. Tunadhani watazamaji wa wakati ule hawakuliona hivyo. Kumbi za maigizo za London zilifungwa muda mwingi kati ya mwaka 1592 na 1594 kwa sababu ya tauni, na tamthilia hii inakadiriwa kuandikwa mwaka mmoja au miwili tu baadaye. Waliokuwa ukumbini walijua nyumba iliyofungwa inavyokuwa. Sisi tulioipitia karantini ya mwaka 2020, wengine mbali na wazazi waliokuwa wakiugua, hatukuhitaji maelezo marefu. Tulilipa onyesho hili dakika moja na nusu.

Kaburini: utambuzi uliochelewa

Tulidhani onyesho la mwisho ndilo tulilokuwa tumelielewa tangu mwanzo. Tulikuwa tumeona upande mmoja wake. Romeo anaingia kaburini baada ya kumwua Paris, anamtazama Juliet, anaona midomo na mashavu yake bado yana rangi ya uhai. Anashangaa, anasema, na haelewi. Ushahidi wote uko mbele ya macho yake. Utambuzi ambao Aristotle aliutaka uje pamoja na mgeuko unafika mlangoni na kugeuzwa. Anakunywa sumu, na muda mfupi baadaye Juliet anaamka.

Kwa miaka mingi jukwaa la Uingereza halikuweza kuvumilia hilo. Thomas Otway, katika tamthilia yake ya mwaka 1679 iliyoipeleka hadithi hii Roma, alimwamsha binti kabla kijana hajafa. David Garrick alifanya vivyo hivyo mwaka 1748, akawapa wapenzi mazungumzo marefu ya kuagana kaburini, na toleo lake likatawala kwa karibu karne nzima. Mwaka 1845 Mmarekani Charlotte Cushman, akiigiza yeye Romeo na dada yake Susan akiwa Juliet, aliyarudisha jukwaani London maandishi ya Shakespeare. Tunaelewa kwa nini Garrick alipendwa, maana machozi yake ni mengi. Lakini wapenzi wakiagana, kila mmoja anakufa akijua yote. Katika Shakespeare, Romeo anakufa akiwa hajui na Juliet anabaki na ujuzi wote peke yake.

Na hapo padri anaufunga mlango wake mara ya pili. Anasikia walinzi wakija, anamsihi Juliet watoroke, anataja kumficha kwenye nyumba ya watawa wa kike, na Juliet anapokataa anakimbia. Mtu wa mwisho aliyejua siri yake ameondoka. Jambia analojichoma nalo ni la Romeo. Baada ya asubuhi ile chumbani, hatua hii haimshangazi tena mtazamaji. Tumekwisha kuona jinsi alivyofikishwa hapa.

Tulichofanya

Siku ya jioni yetu tuliigiza maonyesho saba. Dakika za kulilipia onyesho la yaya tulizitoa kwenye roshani, na haikuwa rahisi, maana Romeo wetu alikuwa amekwisha hifadhi yote. Dhifa tuliibakiza kwa dakika tatu. Pilau ilichelewa kidogo, tunaomba radhi tena.

Mama wa Mombasa alikuwa amekwisha rejea nyumbani, hivyo mwanawe alimtumia video kwa simu. Jibu lilikuja kesho yake kwa sauti, fupi. Alisema sasa ameelewa, na kwamba masikini mtoto yule alimwambia kila mtu. Kisha akauliza yule aliyeigiza yaya ni binti wa nani, na kama amekula vizuri.

Wenzetu watakaoshika chama mwakani huenda wakachagua tanzia nyingine. Ushauri wetu ni wa kazi tu: kabla ya kukata, orodhesheni watu wote ambao mhusika wenu angeweza kuwaendea, kisha tafuteni ni katika onyesho gani kila mmoja wao anamkosa. Maonyesho hayo msiyaguse. Tafsiri yetu yenye kurasa 31 iko kwenye kabati la chama, na katika ukurasa wa 12 neno "shemeji" bado linaonekana chini ya mstari wa kalamu uliolifuta.